Ng'ombe Waliingia Lamboni

Sapiwi, Bariadi
Mwezi wa kumi na moja

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Huenda barua ikakufikia jioni, lakini mimi naandika asubuhi, basi pokea salamu ya saa niliyo nayo. Habari za hapo Mwamanyili? Mguu wako unasemaje, ule uliovimba ukiwa kwenye kuanika dagaa? Mdogo wangu Joakim anakusaidia, au bado anashinda na bodaboda na kurudi kula tu? Mwambie nimemsalimia sana. Mwambie pia akusomee polepole, asiruke mahali, hata pale ambapo yeye mwenyewe hatapapenda.

Sisi huku ningesema mhola, maana ndivyo ulivyonifundisha kujibu hata kama nyumba inaungua. Tunapumua. Ndalahwa ananyonya, ila maziwa yamekuwa machache na amejua kuning'ata. Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka.

Utauliza kwa nini barua wakati kila mtu ana simu. Simu ninayo, lakini imezima. Yule mwenye duka mwenye sola amekatazwa kunichajia, na wa jirani pia. Nimepata karatasi kwa Eufrasia, mama wa jumuiya yetu ya kanisani, ndiye pekee anayepita hapa, naye anapita kwa nyuma kwenye mkonge ili asionekane. Sababu ya hayo yote ndiyo nataka kukueleza, kwa sababu najua habari zimekufikia zikiwa zimepinda.

Unalikumbuka lambo letu. Ulipokuja, mwanangu Kabula alipozaliwa, ulisimama pale ukalisifu kuwa ni pana, halafu ukasema kasoro yake ni moja, halina mahali pa kutolea maji. Enzi hizo ng'ombe waliingia mle kama kwao. Wanakunywa, wanasimama maji yakiwafika tumboni, wanapoza mwili, wanakunya humo humo. Sisi wanawake tulichota upande wa pili tukinung'unika, lakini sato waliokuwa mle hata wewe ungewanunua bila kubishana bei.

Halafu ukaja mradi. Tukapanda minyaa kuzunguka lambo lote, ukawekwa mlango mmoja wa matawi ya miiba, na nje zikajengwa mbauti za ng'ombe kunywea, maji yanavutwa kwa pampu. Ikawa marufuku ng'ombe kukanyaga ndani. Mume wangu Luhaga akachaguliwa kuwa mlinzi wa mlango. Maji yakawa safi, tukafurahi sana. Wasiofurahi ni samaki. Msimu uliofuata wakatoka na vichwa vikubwa na miili myembamba kama mwiko. Wazee wakasema samaki wanalilia ng'ombe, watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Mimi sikucheka, mayu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinichukua kwenda kwa wavuvi wanaotega karibu na viboko, pale kwenye matete, ukisema samaki wa pale wana mafuta. Uliniambia kiboko anakula majani nchi kavu na kurudi kunya majini, kwa hiyo majani ya porini yanaishia kuwa samaki. Nikakuuliza kama basi sisi tunakula mavi, ukanipiga kofi la mgongo ukasema tunakula sato. Nilikumbuka pia lile dimbwi lililobaki ziwa liliporudi nyuma, na viboko wakabaki humo hawana pa kwenda. Maji yakawa meusi na mazito. Asubuhi moja tukakuta sato na ningu wote wameelea, kambale na kamongo tu ndio walikuwa wanakuja juu kuvuta hewa, kama wazee wenye pumu. Ulisema ziwa ni kubwa linameza, dimbwi likilishwa sana linakabwa.

Basi nikamweleza Luhaga. Hakubishana. Alijaza mavi ya ng'ombe wetu kwenye viroba, akavifunga kwenye vigingi pembeni ya maji, vikawa vinatoa rangi kidogo kidogo kama majani ya chai. Maji yakaanza kuwa kijani chepesi, na samaki wakapata mgongo. Watu wakampa Luhaga jina la bwana samaki, akawa anatembea kifua mbele, na mimi nikawa namtania kwamba cheo kimetoka kwenye mavi. Bwana samaki mwenyewe, yule afisa uvuvi wa kutoka Bariadi, alikuja akaona, akasema ni vizuri, ila tuzamishe mkono mara kwa mara. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, tutoe viroba. Alisema hivyo akapanda pikipiki yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka na watu wa hapa.

Mwaka huu mvua za masika zilikatika pamba ikiwa bado inachanua. Pampu ya mbauti ikafa, na fundi akaahidiwa tu. Ng'ombe wakawa wanakuja mpaka kwenye minyaa wanasimama, wananusa maji yaliyo upande wa pili, wanalia. Mayu, wewe ni mtu wa samaki, hujui kilio kile. Luhaga hawezi kukivumilia. Kuna siku alishindwa kumeza ugali, akasukuma sahani, akatoka.

Alianza na ng'ombe wetu, asubuhi na mapema kabla watu hawajaenda kuchota. Anaondoa miiba, wanakunywa, anarudisha. Halafu Ndaki, kamanda wa sungusungu, ambaye walikua pamoja na kuchunga pamoja, akamwomba na wake waingie, maana ndama walikuwa wameanza kuanguka. Utamkataliaje mtu uliyenyonya naye chuchu za mbuzi porini? Baada ya Ndaki akaja mwingine, na mwingine. Kila mmoja alidhani ni yeye na wachache tu. Mimi tu ndiye nilikuwa naona wote, kwa sababu jiko langu linatazama mlango ule.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole na baadaye nikamwambia kwa ukali. Nikamkumbusha habari ya dimbwi la viboko. Alinijibu kwamba mtu wa ziwani nimeanza kuwaogopa ng'ombe, na kwamba mwaka jana viroba vichache viliwanenepesha samaki, sasa wakija ng'ombe wenyewe si watanenepa zaidi? Ng'ombe wanapona kiu, samaki wanashiba, jambo moja faida mbili. Akaniuliza, huku anacheka, ni lini nimesikia Msukuma akilalamika kwamba mavi ya ng'ombe yamezidi. Hata mama yake alicheka. Na kweli, mayu, kwa hawa watu mavi ni baraka tupu. Sakafu ni mavi, shamba ni mavi, moto wa kupikia siku hizi ni mavi makavu kwa sababu miti imekwisha. Ungemweleza nani kwamba baraka inaweza kukaba koo?

Maji yalikuwa yanapungua na ng'ombe wanaongezeka. Yakawa kijani kizito, halafu yakafanya utando juu kama rangi iliyomwagika. Nilizamisha mkono, kiganja kikapotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono. Tukawa tunachuja kwa kanga na kuchemsha, na bado chai ilikuwa na harufu ya zizi.

Ikaja siku moja ya mawingu, hakuna upepo hata wa kutikisa unyasi. Tulifurahi tukidhani ni mvua. Kulipokucha nilienda na ndoo nikakuta lambo lote lina midomo. Samaki wamekuja juu, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga, kama watoto wanaotaka kusema kitu. Jua lilipopanda walikuwa wamegeuka matumbo. Wakubwa kwa wadogo, vuno lote ambalo kikundi kilikuwa kinalisubiri Krismasi. Kambale ndio walibaki, wanachomoza vichwa, wanashuka. Nilikaa chini pale pale kwenye tope. Sikulia. Nilikuwa najua jina la kilichowaua na nilijua hakuna atakayelitaka.

Watu waliwaokota wakala, wengine wakaanika. Waliobaki wakaoza humo humo, na maji yakawa mabaya kuliko mwanzo. Ndama wakaanza kufa, watoto wakaanza kuharisha. Kabula wetu pia aliumwa, nikawa namnywesha uji wa mtama kwa kijiko, sasa hajambo. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Eti samaki wote hawafi siku moja bila mkono wa mtu.

Wakachanga kuku wakaenda kwa mganga upande wa Bukundi. Kuku akapasuliwa, akatazamwa ndani. Walirudi wakisema kuku ameonyesha mwanamke mwenye mvi anayeinama karibu na maji kabla ya watu kuamka. Sasa mayu, fikiria mwenyewe. Mama mkwe wangu, Milembe, kila asubuhi anakwenda kuokota mavi makavu kando ya minyaa kwa ajili ya moto. Anainama kwa sababu mgongo umepinda. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi wa mavi hayo hayo anayotupikia. Wewe ulikaa naye, ulikula ugali wake, ulimwita dada. Lakini mtu akitaka kumwona mchawi, kila kitu alikuwa nacho.

Kwanza watoto wakaanza kumwimbia. Halafu tukakuta majivu yamemwagwa mlangoni kwake. Halafu mwanamke mmoja niliyezoea kubadilishana naye chumvi akaniambia kisimani, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaulizia mboga, kwamba nihamishie watoto kwetu mapema, nisingoje. Nilielewa. Wewe pia umeelewa. Huku hilo jambo halitangazwi, mnaamka tu asubuhi mnakuta limetendeka.

Eufrasia alitaka twende polisi Bariadi mjini. Nikamuuliza twende na nani, na tukishasema turudi kwa nani. Nilimwangalia Luhaga. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake anachonga mpini ambao haukuhitajiwa na jembe lolote. Alikuwa anajua. Neno moja kutoka kwake lingetosha, na lile neno lilikuwa limemkwama. Simlaumu kwa ubaya, mayu. Angesema, angewataja wenzake, na Ndaki ndiye aliyekuwa ameitisha mkutano.

Kilichotokea mkutanoni umekisikia. Kwamba kuna mtu alisimama akasema samaki wameuawa na mavi, siyo uchawi, na kwamba Luhaga ndiye aliyefungua mlango, na kwamba ng'ombe waliopita ni wa fulani na fulani, mpaka wa kamanda mwenyewe. Umesikia pia walivyocheka. Ndaki aliuliza kama huko ziwani samaki wanaanguka na kufa kila ng'ombe anapojisaidia. Mwingine akasema basi na yeye amelala kwenye sakafu ya mavi tangu azaliwe, mbona hajaelea. Lakini hawakucheka sana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anawaona ng'ombe wake wakiwa ndani ya maji yale. Kama mavi ndiyo yaliua, basi wote waliua. Wakachukua nusu ya maneno, nusu nyingine wakaiacha chini. Mavi hayana kosa na ng'ombe hawana kosa. Mwenye kosa ni aliyekuwa na mlango. Mama Milembe hakutajwa tena.

Luhaga akatozwa fahali na majike, wakachinjwa wakaliwa pale pale, na nyumba yetu ikatengwa. Mayu, kutengwa nilikuwa nakusikia kama hadithi. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukusaidia kujitwisha ndoo. Kwenye kisima cha mchangani mtoni nangoja mpaka wote waishe, nachota kilichobaki ambacho ni tope. Ukimpita mtu anageuza uso, na akikusahau akakusalimia, naye anatozwa. Mashine ya kusaga hainipokei, nasaga kwa jiwe. Luhaga alivumilia kidogo, halafu akafunga shuka lake, akaswaga ng'ombe waliobaki, akasema anakwenda kutafuta malisho kusini. Hakumuaga Kabula. Mimi aliniangalia tu. Simu yake haipatikani, na hata ingepatikana sidhani angepokea.

Sasa nafika pale ulipouliza. Eufrasia alipofika huko kwenu ulimtuma aniulize ni adui gani aliyemchoma Luhaga mbele za watu, ili umjue na umwombee mabaya. Mayu, usimwombee mabaya. Ni mimi.

Nilikuwa na Ndalahwa mgongoni. Nilisimama upande wa wanawake, sikuomba ruhusa. Niliwataja wenye ng'ombe mmoja mmoja, na wa kwanza kumtaja alikuwa mume wangu, kwa sababu kama ningemficha yeye nani angeniamini kuhusu wengine? Alikuwa amekaa mbele, alinipa mgongo. Niliona mabega yake yakishuka, nikaendelea. Siyo kwamba nilikasirika. Nilikuwa nampenda, na bado. Lakini kwenye mizani kulikuwa na aibu yake upande mmoja na shingo ya mama yake upande mwingine, na mtu wa kushika ile mizani hakuwepo isipokuwa mimi. Ningerudishwa pale leo, ningesema tena vile vile.

Ulidhani huyo mama atanishukuru? Nilidhani hivyo pia. Tuliporudi nyumbani alichukua chungu chake akahamia kwenye kibanda cha mbuzi. Aliniambia maneno machache, na tangu hapo hajaongeza. Alisema angekufa yeye angezikwa, angeliliwa na nyumba yote, na mwanaye angebaki na jina. Sasa yeye mzee asiye na kazi amebaki, na mwanaye ndiye amezikwa akiwa hai. Akasema nani aliniomba. Chakula nikimpelekea anakiacha mpaka kuku wale. Anapika mwenyewe, kwa moshi ule ule, na asubuhi anakwenda kuokota mavi kando ya lambo ameinama, mimi namwangalia kutoka jikoni mpaka arudi.

Ulisema nifunge mizigo nirudi kwetu na watoto wote. Ahsante, mayu. Nimelala na hilo neno kama mto. Lakini sitakuja. Nikiondoka hapa, yule mzee atabaki peke yake, na siku ndama mwingine akifa watamkumbuka. Nikiwepo, wana mtu mwingine wa kumchukia, na wanajua kwamba nina mdomo na kwamba naona mlango kutoka jikoni kwangu. Sina jambo lingine la kumlinda nalo. Hanitaki, nami sibaki kwa kutakwa. Usimtume Joakim kuja kunichukua kwa nguvu, tutagombana bure mbele ya watu wanaotamani kutuona tukigombana.

Na usifikiri nangoja mambo yageuke. Lambo ukilitazama sasa ni tope la kijani lenye mbu na fahali waliokwama. Mlango hauna mlinzi, minyaa imekatwa, ng'ombe wanaingia wanavyotaka, wanakunya, wanatoka. Hata mvua ikija itakoroga yaliyolala chini, na kambale waliobaki sijui kama wataona mwaka. Wanasema watapandikiza samaki wengine. Hakuna aliyesema watatoa ng'ombe.

Nimekuja kwenye jambo la mwisho, na hili umeshaliona kabla Joakim hajafungua bahasha. Kabula aliyesimama nyuma ya Eufrasia, aliyekuletea barua hii, hakuja kutembea. Nimekupa ukae naye. Maji ya huku yanamuua taratibu, na hayo mengine yanamuua haraka zaidi. Nguo zake ni hizo alizovaa na zile za kwenye kiroba. Uji asiwekewe sukari nyingi, atazoea vibaya. Akilia usiku kumwita baba yake, mwambie yuko na ng'ombe, huo siyo uongo. Maji ya ziwa umchemshie, hata kama wewe hujawahi kuchemsha maisha yako yote.

Na usikasirike kwa vile alivyokutazama bila kukuamkia. Siyo kwamba sikumfunza. Alikuwa anaamkia kila mtu njiani, mwangaluka bhabha, mwangaluka mayu, kwa sauti ile yake ya kengele, na watu wakawa wanapita kama wamepita jiwe. Aliendelea muda mrefu, mayu, mrefu kuliko ningeweza mimi. Halafu siku moja akanyamaza. Sasa haamkii mtu yeyote, hata mimi. Mwamkie wewe kwanza. Asipojibu, usimgombeze, ngoja kidogo, mwamkie tena.

Nisalimie shangazi, nisalimie majirani wote wa pale mwaloni, na wale wanaoniulizia kwa nia njema. Wanaoulizia kwa nia nyingine waambie nipo. Mungu aukande mguu wako mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ni mimi mwanao,
Scola